Mapacha walioungana na oparesheni ya kuwatenganisha: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Tanga

Mimi ni mkunga, nimekaa wodi ya wazazi hapa Tanga miaka mingi, na kila ikitoka habari ya mapacha walioungana, iwe ya Kagera, Nairobi au Saudia, simu yangu haipumziki. Maswali ni yale yale, kwahiyo nimeyakusanya hapa ili mtu akiuliza nimtumie asome mwenyewe kwa utulivu. Kitu kimoja naomba mkishike kabla ya vyote: watu wote wanaanza na "watatenganishwa lini", wakati swali la kwanza ni "humo ndani wanachangia nini". Karibu kila jibu hapa chini linategemea hilo.

Shikamoo mama. Hivi inatokeaje mpaka watoto wanaungana?

Marahaba mwanangu. Mapacha wa kufanana wanatokana na yai moja lililorutubishwa, likagawanyika. Likigawanyika ndani ya siku chache za mwanzo kila mtoto anakuwa na mwili wake kamili. Likichelewa mpaka siku ya 13 hadi 15 hivi tangu mimba itungwe, kule kugawanyika kunaishia njiani, na watoto wanaendelea kukua huku wameshikana. Wapo wataalamu wanaosema kinyume chake, kwamba wanaanza wakiwa wameachana kabisa alafu sehemu zinagusana na kuungana upya, na ubishi huo bado upo mpaka leo. Lakini wote wanakubaliana kwamba ni yai moja, ndo maana mapacha walioungana siku zote ni jinsia moja, na kama 7 katika kila 10 ni wa kike. Ni jambo la nadra sana, makadirio ni mara 1 katika vizazi 50,000 mpaka 200,000, na kwa bahati mbaya wengi wanafia tumboni au wanafariki siku ya kwanza.

Nilikula ndizi pacha nikiwa na mimba. Na mama mkwe anasema kuna mtu kanifanyizia.

Ndizi haihusiki. Na hakuna aliyekufanyizia. Nalijibu hili kwa uchungu kwa sababu nimeona wanawake wametoka leba hawajapata hata uji wa moto, tayari wameshaulizwa wamekosa nini, wamepita wapi usiku, wamemkorofisha nani. Mama kajifungua, kachoka, anaogopa, ana watoto wawili wanaohitaji maziwa yake, alafu ukoo mzima umekaa barazani kutafuta mchawi. Hii haitokani na chakula, haitokani na kosa la mama wala la baba, haimo kwenye ukoo wa upande wowote. Ni yai kugawanyika kwa kuchelewa basi. Mama mkwe mwenye mapenzi na wajukuu zake aje na supu na khanga safi, hayo mengine ayaache.

Kwani wote wanaungana sehemu moja?

Hapana. Wengi zaidi wanaungana kifuani, wanaofuata ni wa tumboni kuanzia kitovu kwenda juu, alafu wapo wanaoungana matakoni na mwisho wa uti wa mgongo wakiwa wamepeana migongo, wapo wa nyonga, na wachache kabisa ni wa kichwa. Wapo pia ambao ubavu kwa ubavu mwili wa chini ni mmoja na juu ni wawili. Nje unaweza kuona wameungana kidogo tu ukadhani ni rahisi, kumbe ndani moyo ni mmoja. Na unaweza kuona wameshikana sana ukakata tamaa, kumbe kila mtoto ana viungo vyake vyote isipokuwa ini. Kwahiyo msihukumu kwa macho wala kwa picha mliyotumiwa.

Naweza kujua nikiwa bado mjamzito?

Ndio, kwa ultrasaundi, na mtaalamu mzuri anaweza kuona kuanzia wiki ya 12. Anachoangalia ni hivi: watoto wako kwenye mfuko mmoja na hakuna ule ukuta mwembamba wa kuwatenga, ngozi inaonekana imeendelea toka huyu kwenda kwa yule, vichwa viko usawa ule ule muda wote, na mama akigeuka au akipiga hatua watoto hawaachani, mmoja akisogea na mwenzie kasogea. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apige angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, sasa huku kwetu mtu anaanza kliniki mimba ina miezi sita, mwingine saba, kadi ina alama mbili tu alafu uchungu huo umeshaanza. Ukiambiwa una mapacha, muulize mpimaji wazi kabisa: wako mifuko mingapi? Akikwambia mmoja usiondoke bila kupangiwa tarehe ya kurudi, na ikiwezekana upimwe na daktari bingwa.

Tumepima, tumeambiwa wameungana. Tufanye nini sasa?

Kwanza kaeni na daktari wawili wote, mke na mume, msimwache mwanamke aende peke yake kusikia maneno mazito hivyo. Pili ombeni rufaa mapema. Uwe Mkinga, Lushoto, Handeni au Pangani, utapitia hospitali yetu ya mkoa Bombo na kutoka pale njia ya kawaida ni Muhimbili, kwa sababu kule ndo kuna madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto, wa usingizi, wa watoto wachanga na vipimo vikubwa sehemu moja. Usingoje uchungu ukukute Tanga wakati mwendo wa kwenda Dar ni kilomita 350 hivi, Segera, Chalinze, foleni za kuingia mjini, huo sio mwendo wa mama mwenye uchungu. Mwenye ndugu Dar akakae kwa ndugu wiki za mwisho.

Kujifungua kunapangwa, mara nyingi wiki ya 36 mpaka 38, na karibu siku zote kwa oparesheni, kwa usalama wa mama na wa watoto. Kuna familia zinazoambiwa mapema kwamba kilichomo hakiwezi kuishi, moyo haujatengenezeka kwa mfano. Hiyo ni habari ngumu na kila familia inaipokea kwa namna yake, mimi siwezi kumpangia mtu. Naomba tu muisikie kwa daktari aliyewapima nyie, sio kwa jirani.

Je nikijifungulia zahanati bila kujua wakatoka wameungana?

Hapa nasema na wakunga wenzangu pia. Wote wawili wanapumua? Angalia mmoja mmoja, usimwangalie anayelia ukamsahau mwenzie. Wafute, wakaushe, wavike kofia wote, waweke kifuani kwa mama wafunikwe pamoja. Wanyanyue kwa mikono miwili kila mtu kichwa chake, na kama mpo wawili mnyanyue wawili, usimvute mmoja mwingine akaning'inia. Kitovu kinaweza kuwa kimoja, kifungeni vizuri kisivuje. Pale walipoungana msipake kitu, si dawa ya kienyeji, si mafuta, si majivu, na kama utumbo au ini linaonekana limefunikwa na ngozi laini, funikeni kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji ya chumvi ya drip na nailoni safi juu yake. Alafu pigeni 115, ile namba ya m-mama, ni bure, gari linakuja kwa ajili ya mama na mtoto mchanga. Mtu yeyote asijaribu kukata chochote. Nimeshasikia mtu akisema "si ngozi tu ile". Haijulikani kuwa ni ngozi tu mpaka vipimo viseme.

Mbona hawawatenganishi siku ile ile wakazoea mapema?

Kwa sababu haraka inaua. Wanapotenganishwa kwa dharura siku za mwanzo, kwa mfano mmoja anakufa au utumbo umeziba, hospitali zenye uzoefu mkubwa zinaripoti kupona kama 3 tu katika 10. Wanaposubiri wakatenganishwa kwa mpango, wanafika 8 katika 10 au zaidi. Tofauti hiyo ndo sababu madaktari wanawaambia mrudi nyumbani au mkae wodini mlee, watoto wanenepe, wapate chanjo, miili izoee, wakati vipimo vinafanyika taratibu. Mara nyingi wanangojea kati ya miezi 6 na mwaka, wengine zaidi ya hapo. Wakichelewa sana nako kuna tabu, mgongo unapinda kwa kukaa mkao mmoja, na watoto wakishajielewa wanaumia zaidi kisaikolojia. Kwahiyo mkiambiwa subirini msidhani mmetelekezwa. Kusubiri ni sehemu ya matibabu.

Huko kusubiri wanapimwa nini hasa?

Kila kitu. Eko ya moyo mara nyingi, kuona ni mioyo miwili au mmoja na kama ni miwili imegusana wapi. Siti skani na MRI kuona mifupa, ini, figo, utumbo, uti wa mgongo. Dawa ya rangi inaingizwa kwenye mshipa wa mtoto mmoja wanaangalia inavyotokea kwa mwenzie. Wanaangalia nyongo inapitia wapi, mkojo unapitia wapi, tundu la haja kubwa ni moja au mawili. Hospitali nyingine siku hizi zinatengeneza mfano wa viungo kwa printa ya 3D, madaktari wanaushika mkononi na kuugeuza kabla hawajamgusa mtoto.

Kuna jambo moja la damu ambalo wazazi wengi hawalijui. Mapacha wengi walioungana damu yao inapita toka mmoja kwenda kwa mwingine. Ukimpa huyu dawa, na yule anaipata. Daktari wa usingizi akimlaza mmoja inabidi ajue ni kiasi gani kitavuka upande wa pili, la sivyo mmoja atazidiwa dozi na mwingine hajalala. Ndo maana nawakataza kabisa kumnunulia dawa duka la dawa "yule mdogo tu mwenye mafua". Unawapa wote wawili hata kama hukutaka.

Wakishatenganishwa ngozi ya kufunika kidonda inatoka wapi?

Swali zuri sana na watu wachache wanaliuliza. Ukiwaachanisha, kila mtoto anabaki na upande mzima ulio wazi, kifua au tumbo au mgongo, na ngozi haitoshi. Kwahiyo wiki kadhaa kabla, madaktari wanafanya oparesheni ndogo, wanaingiza chini ya ngozi vifuko vya silikoni vitupu, kila kimoja kina kijitundu cha kuchomea sindano. Kila wiki nesi anachoma sindano ya maji ya chumvi kidogo, kifuko kinavimba, ngozi iliyo juu yake inatanuka taratibu kama ya tumbo la mjamzito. Baada ya wiki sita, nane, unaona vilima vimesimama ubavuni mwa watoto, wageni wanashtuka wakidhani ni uvimbe, kumbe ile ndo ngozi ya akiba. Siku yenyewe vifuko vinatolewa na ngozi iliyozidi inavutwa kufunika. Ikipungua bado, wanatumia neti maalumu au ngozi ya kuhamisha. Kazi yenu wazazi kipindi hicho ni kuangalia wekundu, joto au usaha, maana kifuko kikipata maambukizi kinatolewa na mpango wote unarudi nyuma.

Siku ya oparesheni inakuwaje?

Timu zinakuwa mbili kamili. Kila mtoto ana daktari wake wa usingizi, mashine yake, manesi wake, damu yake ya akiba, na hospitali nyingi wanawapa rangi: mtoto huyu nyaya, mirija, lebo na hata kofia za wahudumu ni nyekundu, yule ni bluu au kijani. Sio urembo. Saa ya tisa usiku mtu amechoka, mkono ukishika mrija lazima rangi imwambie ni wa nani. Kabla ya siku hiyo wanafanya mazoezi kwa midoli iliyounganishwa: nani atasimama wapi, kitanda cha pili kinaingilia mlango gani, nani anahama na mtoto wakishaachana.

Masaa yanatofautiana. Kenyatta Nairobi mwezi Novemba 2016 walitenganisha mapacha wa kike wa miaka miwili walioungana chini ya mgongo, ikachukua masaa 23. Watoto wetu wa Kitanzania waliotenganishwa Riyadh, Saudia, Oktoba 2023 walichukua masaa 16. Hapa hapa nyumbani Muhimbili walitenganisha mapacha Julai 2022, kwahiyo anayekwambia Tanzania haiwezekani mwambie ilishafanyika. Mzazi anayengoja nje asile wasiwasi peke yake, awe na mtu, awe na chakula, na aombe mapema kwamba kuna mhudumu atakayetoka kumpa habari.

Wakichangia ini si mmoja atabaki bila ini?

Hapana. Ini linagawanyika na linakua tena. Tatizo liko kwenye mirija ya nyongo: kila kipande kinatakiwa kiwe na njia yake ya kutolea nyongo mpaka kwenye utumbo, kama njia ni moja inabidi mmoja atengenezewe nyingine. Damu nayo ni ya kuangalia, ini lina damu nyingi. Lakini mkiambiwa "wanachangia ini tu", hiyo katika mambo haya ni habari nzuri.

Na wakichangia moyo?

Hapo ndo pagumu. Kama mifuko tu inayofunika mioyo ndo imeungana, inawezekana. Kama vyumba vyenyewe vya moyo, vile vya chini vinavyosukuma damu, vimeungana, kuwaachanisha wote wakapona kwa kawaida haiwezekani, na madaktari wengi hawatagusa. Daktari akiwaambia "hatuwatenganishi" sio kwamba amekosa moyo wa huruma. Ameona kwenye eko.

Wa kichwa je?

Zambia wana historia hapo. Mwaka 1997 mapacha wa kiume toka Zambia walioungana vichwa walitenganishwa Afrika Kusini, timu ikiongozwa na daktari wa upasuaji wa ubongo Ben Carson wa Marekani, masaa 28, na wote walipona. Miaka 10 kabla yake, 1987, huyo huyo Carson alishiriki Baltimore kutenganisha mapacha wa Kijerumani kwa masaa 22, walitoka hai lakini hawakupata maisha ya kawaida, ubongo uliathirika sana. Naandika yote mawili kwa makusudi, kwa sababu magazeti yanaandika "wametenganishwa kwa mafanikio" siku ya pili na hakuna anayerudi baada ya mwaka kuuliza wanaongea, wanatembea?

Shida kubwa ya kichwa ni mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo, mara nyingi wanachangia. Ndo maana siku hizi wanapendelea kufanya kwa awamu. New York mwaka 2004 walimaliza kuwatenganisha watoto wa Kifilipino waliokuja kwa ajili hiyo kwa oparesheni 4 ndani ya miezi kama 10, kila awamu mishipa inazoea njia mpya kabla ya nyingine kukatwa.

Kama ili mmoja apone mwingine lazima afe, nani anaamua?

Hili ndilo swali zito kuliko yote na sitalipitia juu juu. Mwaka 2000 wazazi Wakatoliki kutoka Gozo, Malta, walikwenda Manchester Uingereza kujifungua mapacha wa kike walioungana chini. Mmoja moyo na mapafu yake vilikuwa vinafanya kazi ya wawili, mwenzie asingeweza kuishi peke yake hata dakika. Bila kutenganishwa wote wangekufa ndani ya miezi. Wazazi walikataa, wakasema hawawezi kumuua mtoto mmoja kwa ajili ya mwingine, wamwachie Mungu. Madaktari wakaenda mahakamani, majaji wakaruhusu, na Novemba mwaka huo oparesheni ya masaa 20 ikafanyika. Mnyonge akafariki, mwenzie akapona.

Nimeshawaeleza kisa hiki masheikh na mapadri hapa mjini na majibu hayakuwa mamoja, na nawaheshimu wote. Mimi kwa upande wangu naamini mtoto anayeweza kuishi ana haki ya kuishi, na mtoto anayekufa ana haki ya jina, ya kuoshwa, ya kuswaliwa au kuombewa, ya kaburi lake, na asitajwe kama kipande kilichoondolewa. Na naamini wazazi wasikilizwe mpaka mwisho hata pale ambapo uamuzi unakwenda kinyume nao. Mkiwa kwenye hali hii ombeni kikao kimoja cha madaktari wote, mtu wa ustawi wa jamii na kiongozi wenu wa dini, na mseme ya moyoni yote pale pale.

Kwani ni lazima watenganishwe?

Sio lazima, na Watanzania tunapaswa kulijua hili kuliko watu wengine kwa sababu tulikuwa na Maria na Consolata Mwakikuti. Walizaliwa Makete mwaka 1996, wakalelewa na masista, wakasoma mpaka kidato cha sita, wakaingia chuo kikuu cha RUCU Iringa kusomea ualimu. Waliulizwa mara nyingi kuhusu kutenganishwa na walisema wenyewe hawataki. Walifariki Iringa tarehe 2 Juni 2018, wakiwa wamehangaika na maradhi ya moyo na kifua, wakazikwa kwenye jeneza moja. Nchi nzima ililia. Walikuwa watu wawili, kila mmoja na akili yake na sauti yake, walioishi maisha kamili.

Kuna na upande wa pili. Ladan na Laleh Bijani wa Iran, waliosomea sheria, miaka 29, waliungana vichwa na wao walitaka kutenganishwa hata baada ya kuambiwa hatari zote. Walifia Singapore kwenye oparesheni, Julai 2003, wakapishana kama saa moja na nusu. Sioni kama Maria na Consolata walikuwa waoga wala Ladan na Laleh walikosea, walikuwa watu wazima wakaamua juu ya miili yao. Mtoto wa miezi 8 hawezi kuamua, ndo maana mzigo unawaangukia wazazi na madaktari. Ikiwa wanaweza kuishi walivyo, na kuwatenganisha ni hatari kubwa, kuwaacha ni uamuzi halali kabisa.

Mmoja akifariki wakiwa bado wameungana?

Wakimbizeni hospitali dakika hiyo hiyo, msikae kulia kwanza. Aliye hai yupo hatarini ndani ya muda mfupi kwa sababu ya ile damu inayovuka. Kuwatenganisha kwa dharura ndo nafasi yake pekee.

Gharama zikoje? Na wanaopelekwa Saudia wanapelekwaje?

Kwa sera yetu wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wanatibiwa bure hospitali za serikali, lakini mnajua kuna nauli, chakula cha anayeuguza, nepi, na kazi ambayo baba ameiacha. Mkifika tu hospitali muoneni ofisa ustawi wa jamii, msione aibu, ndo kazi yake. Saudia wana mpango wao wa kutenganisha mapacha tangu mwaka 1990, wameshapokea watoto wa nchi nyingi, na ufalme ndo unagharamia. Watoto wetu wamekwenda Riyadh kwa njia hiyo, wapo waliotenganishwa Desemba 2018 na hao wa Oktoba 2023. Maombi hayapitii kwa mtu binafsi. Yanapitia hospitali ya rufaa, Wizara ya Afya na ubalozi. Akitokea mtu wa kuwaambia mumpe hela kwenye simu awafanyie mpango, huyo ni tapeli.

Nyumbani tunawaleaje? Wananyonyaje, wanalalaje, wanavaa nini?

Wa kifuani wanatazamana, kwahiyo mama anakaa amejiegemeza, mtu wa pili anawashika, ananyonya mmoja alafu wanageuzwa taratibu. Wengine watahitaji kukamuliwa na kupewa kwa kikombe. Wote wawili wanyonye hata kama mmoja ananenepa zaidi, na mzani uandike uzito wa pamoja. Kulala geuzeni upande kila baada ya masaa machache ili ngozi isichubuke, na pale walipoungana paoshwe kwa maji safi, pakaushwe vizuri kwenye mikunjo, joto letu la Tanga linatengeneza vidonda haraka.

Nguo nendeni kwa fundi, zile za dukani hazitafaa. Fundi mmoja wa Ngamiani aliniuliza maswali mawili tu, wanaungana kuanzia wapi mpaka wapi na wanalazwa upande gani, alafu akakata kitambaa cha pamba, gauni moja lenye shingo mbili na mikono minne, ubavuni pote wazi na kamba za kufunga badala ya vifungo, mshono wote nje ili usiguse ngozi. Dakika moja mtoto amevaa bila kunyanyuliwa mkono kwa nguvu. Na muwaite kila mmoja kwa jina lake. Kwenye vyeti vya kuzaliwa nako ni watoto wawili, vyeti viwili.

Baada ya kutenganishwa ndo yameisha?

Bado. ICU kwanza, mashine ya kupumulia kwa siku kadhaa au wiki, hofu ya maambukizi. Alafu inakuja miaka ya kazi: mazoezi ya viungo, mgongo, wa nyonga mara nyingi wanahitaji oparesheni nyingine za njia ya mkojo na haja, wengine mguu wa bandia. Na kuna kitu watu hawakitegemei, watoto wanalia kutafutana usiku. Wamezoea joto na mapigo ya mwenzao tangu tumboni. Hospitali nyingi wanawarudisha karibu karibu mara tu inapowezekana, na nyumbani walazeni wanaonane.

Nimetumiwa picha yao, niisambaze watu wawaombee?

Futa. Ombea bila picha. Wale ni watoto, wako uchi, mama yao hakukuruhusu, na picha itakuwepo mpaka wakiwa na miaka 15 wakiitafuta wenyewe. Na mfanyakazi wa afya anayepiga picha wodini na kuirusha anavunja maadili ya kazi, mkimuona mripotini kwa kiongozi wa wodi. Mnaotaka kulizungumzia jambo hili hadharani, Umoja wa Mataifa mwaka 2024 umeitenga tarehe 24 Novemba kuwa Siku ya Mapacha Walioungana Duniani, itumieni siku hiyo kuelimisha bila kumuanika mtoto wa mtu.

Nikishika mimba nyingine itatokea tena?

Hairithiwi, na uwezekano wa kutokea tena ni mdogo mno. Kama ulizaa kwa oparesheni upe mwili muda, zungumza na daktari kuhusu mwaka mmoja na nusu au miwili kabla ya mimba nyingine, anza kliniki mapema na uombe ultrasaundi kabla ya wiki ya 14, sio kwa sababu kuna hatari kubwa, ila ulale usingizi. Dada yako na binti yako hawana haja ya kuogopa kuliko mwanamke mwingine yeyote, na anayemkataza kijana wake kuoa kwenye nyumba yenu kwa sababu hiyo mwambieni aje kliniki aniulize mimi.